Bibi Titi Mohamed na Wanawake wa Ngoma Waliorejesha Mamlaka kwa Raia

Tarikhi ya uhuru wa Tanganyika, kama inavyosimuliwa madarasani na katika hotuba za sikukuu, ni tarikhi ya waungwana wachache waliokutana Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, wakakigeuza chama chao cha TAA kuwa TANU, wakamweka Julius Kambarage Nyerere kuwa rais wake, wakapeleka hoja zao mbele ya Umoja wa Mataifa, na baada ya miaka saba na miezi mitano wakaipokea serikali kutoka mikononi mwa Mwingereza pasipo bunduki kulia. Simulizi hiyo ni ya kweli, walakini imepungukiwa. Kwa maana hoja nzuri iliyonenwa New York na mtu mmoja isingekuwa na uzito wowote endapo gavana angeweza kujibu kwamba mnenaji hana watu nyuma yake, na watu hao, kabla hawajaonekana viwanjani kwa maelfu, walikusanywa mmoja mmoja kutoka nyua za nyumba za uswahilini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kukusanya ilifanywa na wanawake. Makala haya yanamhusu aliyewatangulia wanawake hao, Bibi Titi Mohamed, nayo yanakusudia kuthibitisha jambo moja: kwamba amani iliyoipambanua njia ya Tanganyika haikuwa bahati wala upole wa tabia, bali ilikuwa zao la ustadi wa kujitawala ambao wanawake wa mji wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kujifunza katika vyama vyao vya ngoma, kabla siasa haijawabishia hodi.

Hapana budi tuutazame kwanza mji wenyewe. Wajerumani, walipoyahamishia hapa makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, waliupanga mji kwa kadiri ya aina ya majengo, na Waingereza waliowafuatia wakaudumisha mpango huo, hata ikawa upande wa pwani wenye upepo na miti ni Uzunguni, penye maduka na ghorofa ni Uhindini, na nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi makusudi uwe mpaka baina ya jamii na jamii, ndipo palipoanza mji wa Waafrika. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji huo wa Waafrika ulifurika: hesabu ya mwaka 1948 ilikuta Dar es Salaam ina wakazi wapatao 69,000, na ile ya mwaka 1957 ikakuta zaidi ya 128,000. Kariakoo na Ilala hazikutosha tena, ndipo serikali ikapima viwanja na kujenga nyumba mbali zaidi, kule Magomeni na Kinondoni ng'ambo ya bonde la Msimbazi, na Temeke upande wa kusini, na pembezoni mwa nyumba hizo za serikali watu wakajijengea zao kwa miti, udongo na makuti. Wazaramo walio wenyeji wakakaa ukuta kwa ukuta na Warufiji, Wandengereko, Wamatumbi, Wanyamwezi, Wamanyema, Wangoni na Wayao, wakazungumza lugha moja, wakazikana, wakaoleana, na kwa namna hiyo vikazaliwa viunga ambavyo mtu alikuwa jirani kwanza, na wa kabila lake baadaye.

Katika viunga hivyo nyumba ya Kiswahili ilikuwa na desturi zake. Barazani palikuwa pa wanaume na wageni. Ukumbi uligawa vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku. Na uani, penye jiko, kisima na kamba ya kuanikia, palikuwa milki ya wanawake. Mwanamke wa mji alifunzwa kujisitiri, akatoka kwa buibui, akanyamaza mbele ya wakwe na waume. Lakini asiyeijua vema Dar es Salaam asije akadhani kwamba kujisitiri huko kulikuwa ni kutokuwa na uwezo. Wako waliokuwa na nyumba zao wenyewe na kupangisha vyumba. Wako waliokaanga vitumbua na maandazi alfajiri, waliopika chapati za wafanyakazi wa bandarini, waliouza samaki, na wale ambao dini au haya hazikuwazuia walipika pombe. Fedha hizo, ijapokuwa ni chache, zilikuwa zao, na kwa sababu hazikutoka katika mshahara wa serikali wala wa tajiri yeyote, hapakuwa na mkubwa wa ofisi aliyeweza kuzizuia. Jambo hili, ambalo kwa wakati wake lilionekana dogo, lilikuja kuwa na athari kubwa.

Juu ya hayo palikuwa na ngoma. Mtu akisikia neno hilo leo hudhani ni mchezo wa kupitisha jioni, ilhali ngoma za wanawake wa pwani, lelemama ikiwa mojawapo ya zilizotukuka, zilikuwa na vyama kamili vyenye majina, sare, wakubwa na hazina. Kila chama kilikuwa na mwenye kukiongoza, mwenye kushika fedha, mwenye kuita watu, na mwimbishaji aliyeanzisha wimbo na kupokewa na wenzake. Mwanachama alitoa mchango wake kwa wakati. Akifiwa alizikiwa, akioza alisaidiwa, akikosa aliulizwa mbele ya wenzake. Kiongozi aliyekula fedha au kuwadharau wenzake hakudumu, kwa kuwa hapakuwa na askari wa kumlinda wala sheria ya kumweka; wanachama walihama tu, wakaenda chama cha pili, naye akabaki na zumari bila wachezaji. Na vyama vilipogombana, na kugombana kulikuwa ndiyo furaha yake, viligombana kwa sare nzuri zaidi, karamu kubwa zaidi na mafumbo makali zaidi katika nyimbo; ushindi ulitolewa na watazamaji, na aliyeshindwa alirudi nyumbani kutunga upya. Mwenye insafu atakiri kwamba uchaguzi, hesabu ya fedha, ushindani usio na damu na kiongozi kukaa kwa ridhaa ya anaowaongoza ni mambo ambayo wanawake wa Kariakoo na viunga vyake waliyatenda kila juma, wakati serikali iliyowatawala ilikuwa ikiwaambia waume zao kwamba bado hawajafika umri wa kuyatenda.

Titi binti Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Juni mwaka 1926, katika jamaa ya Kiislamu yenye asili ya kusini, upande wa Rufiji. Alisoma shule hadi darasa la nne, kisomo ambacho kwa mtoto wa kike wa mji na zama zile hakikuwa haba, kisha akaozwa angali msichana, kama ilivyokuwa ada. Mungu alimjaalia sauti, na sauti hiyo ikampa cheo: akawa mwimbishaji wa ngoma ya Bomba, akajulikana kwa ajili hiyo katika nyumba ambazo hakuwahi kuziingia. Mwimbishaji ana elimu yake ambayo haiandikwi: hujua lini watu wamechoka, lini wamechangamka, neno gani litapokewa na lipi litaanguka, na namna ya kumsema mtu kwa fumbo akasemeka bila ya kutukanwa. Sifa zote ambazo baadaye watu walimsifu nazo jukwaani alikwisha kuzipata ngomani.

Mwaka 1955 chama cha TANU kilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na wanachama wake wanawake walikuwa wa kuhesabika. Katika siku hizo alifika Dar es Salaam John Hatch, mjumbe wa chama cha Leba cha Uingereza, akawatazama waliomkaribisha, akauliza wanawake wako wapi. Swali hilo liliwafedhehesha wakubwa wa chama, na katika kulitafutia jibu wakalifikia jina la Titi, ambaye pamoja na mumewe alikuwa amekwisha kujiunga. Kadi yake ilikuwa ya 16. Mwezi wa Julai mwaka huohuo kitengo cha wanawake cha TANU kikaundwa, Bibi Titi akawa rais wake na Tatu binti Mzee katibu. Kusimama mbele ya wanaume na kunena kulikuwa jambo zito kwa mwanamke aliyelelewa ndani. Kuimba aliimba, ila hotuba hakuwahi kutoa. Alisimama, akasema, na watu wakatambua kwamba sauti waliyoizoea katika wimbo ilikuwa inaweza pia kubeba hoja.

Namna alivyoianza kazi yake ndiyo iliyoonyesha akili yake. Hakuweka meza kiwanjani akangoja wanawake waje kujiandikisha. Aliwaendea wakubwa wa vyama vya ngoma, mmoja baada ya mmoja, kwa heshima ya mkubwa kwa mkubwa mwenziwe, akawaeleza kwamba kuna chama ambacho hakichagui kabila wala mtaa, kinachotaka watu wajitawale. Mkubwa wa ngoma akiridhika, wanachama wake waliridhika pamoja naye, na kadi zilitoka kwa makundi. Vyama vilivyokuwa vikitupiana mafumbo miaka mingi vilijikuta vimekaa mkeka mmoja, na wanawake kama Halima Hamisi, Mwamvita Mnyamani na Salima Ferouz, ambao elimu ya darasani haikuwapatia cheo chochote, wakawa nguzo za TANU mjini. Kabla mwaka haujaisha, katika muda wa miezi mitatu hivi, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Hesabu hiyo ipimwe kwa mji uliokuwa na watu kiasi cha laki moja, watoto wakiwemo, ndipo ukubwa wake utakapofahamika.

Palikuwa na sababu nyingine iliyowapa wanawake nafasi hiyo. Tangu mwaka 1953 serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na kwa kuwa karibu kila Mwafrika aliyesoma alikuwa mwalimu, karani au mganga katika kazi ya serikali, amri hiyo iliwafunga midomo wale hasa ambao wangetazamiwa kuongoza. Nyerere mwenyewe, ambaye alikuwa akifundisha shule ya misheni huko Pugu, alilazimika mwaka 1955 kuchagua baina ya chaki na chama, akachagua chama. Muuza vitumbua wa Magomeni hakuwa na barua ya kufukuzwa kazi ya kuiogopa. Mwenye nyumba wa Temeke hakuwa na malipo ya uzeeni ya kupoteza. Kwa hiyo waliopitisha habari, waliopokea wageni wa chama kutoka majimboni, waliowalaza na kuwapikia, waliochanga na hata kutoa mapambo yao ya shingoni na mikononi ili nauli ipatikane, walikuwa wale ambao serikali haikuwahi kuwaandika popote. Serikali ilizoea kwamba wanawake hukutana. Hukutana kwa arusi, kwa msiba, kwa maulidi na kwa ngoma. Na mkutano wa uani haukumshtua mtu.

Sasa tuje katika suala la amani, ambalo ndilo kiini cha maneno haya. Ni desturi kusema kwamba Watanganyika ni watu wapole kwa maumbile, na mwenye kusema hivyo hukusudia kuwasifu. Lakini tarikhi haimuungi mkono. Mwaka 1905 nchi ya kusini, kuanzia milima ya Wamatumbi na bonde la Rufiji, iliinuka dhidi ya Wajerumani katika vita vya Maji Maji. Kinjikitile wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka huo, na njaa iliyofuata moto wa jeshi iliua watu wengi kuliko risasi. Hapa mjini, mwezi wa Februari mwaka 1950, mgomo wa makuli wa bandari uligeuka kuwa fujo, damu ikamwagika, na chama chao cha wafanyakazi kikavunjwa. Kenya, jirani yetu, ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Kumbukumbu ya vita vya Maji Maji ilikuwa hai katika nyumba za viunga. Wazee wengi waliotoka kusini walikuwa wameionja njaa ile wangali watoto, na waliposhauri subira hawakushauri kwa woga, bali kwa kuwa walijua bei.

Walakini kujua bei ya vita hakutoshi kumpa mtu njia ya pili. Watu wenye ghadhabu huhitaji mahali pa kuipeleka ghadhabu yao, na hapo ndipo mila ya ngoma ilipoleta faida yake kuu. Mikutano ya TANU katika viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani ilikuwa ni mikusanyiko ya maelfu, ambayo kwa neno moja baya ingeweza kuwa machafuko, na neno moja baya ndilo ambalo wapinzani wa chama walilingojea wapate kukifuta. Bibi Titi alikuwa akitangulia kunena kabla ya Nyerere, akiwaita watu kwa nyimbo na kuwapokeza, akiwachekesha, akimsema gavana kwa fumbo ambalo kila mtu alilifahamu na hakimu asingeweza kuliandika katika hati ya mashitaka. Na umati uliopata kucheka pamoja na kuitikia pamoja uliondoka pale umetua, tena umeungana. Akasafiri na Nyerere majimboni, kusini na kaskazini na nchi ya maziwa, mwanamke wa mji wa pwani akisimama mbele ya watu ambao hawakuwahi kumwona mwanamke akiwahutubia wanaume. Mwaka 1957 serikali ilipompiga Nyerere marufuku ya kuhutubia hadharani, kazi haikusimama, kwa sababu haikuwa imetegemea kinywa kimoja.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1958. Gavana Edward Twining alikuwa ameweka utaratibu wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, kana kwamba jamii hizo zilikuwa sawa kwa idadi. Na haki ya kupiga kura ilipewa wenye kisomo cha darasa la nane, au pato la pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambulikana. Wako waliotaka chama kisusie, na wengine walijua kwamba baada ya kususia hatua iliyobaki ni fujo. Mkutano wa TANU uliofanyika Tabora mwezi wa Januari uliamua kuingia katika uchaguzi, na Zuberi Mtemvu, aliyepinga, akatoka akaunda chama chake. Katikati ya mwaka Nyerere akashitakiwa kwa maandishi yake yaliyowakashifu maofisa wa serikali, akatiwa hatiani, akaambiwa alipe shilingi 3,000 au akae gerezani miezi sita. Wafuasi walioghadhibika wangeweza kufanya lolote. Faini ikalipwa, na kura zikapigwa. Katika nchi ya watu milioni kadhaa waliojiandikisha hawakufika 60,000, na sehemu kubwa ya wanawake waliokijenga chama, kwa kuwa hawakuwa na darasa la nane wala pauni 150, hawakuwemo katika daftari. Waliwapelekea wengine kadi, wakawashauri waume na ndugu zao, wakaimba siku ya ushindi, na wao wenyewe hawakutia karatasi katika sanduku. Insha nyingi zimewasifu kwa ushujaa. Sijui ushujaa uzidio huo, wa kumpigania mtu mwingine apate haki ambayo wewe bado unanyimwa, ukitumaini kwamba yeye ataifungua njia yako.

Na njia ilifunguliwa. Chini ya Gavana Richard Turnbull masharti yalilegezwa, ikatosha mtu kujua kusoma au kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na pato la nusu ya lile la kwanza, na daftari la mwaka 1960 likawa na majina yapatayo 885,000. TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71. Serikali ya madaraka ya ndani ilifika tarehe 1 Mei 1961, na uhuru kamili tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Mamlaka ambayo Wajerumani waliyachukua kwa mizinga katika zama za mababu yalirejea kwa karatasi na kadi, na katika umati wa watu waliokesha wakingoja bendera walikuwamo wanawake wa Kinondoni na Temeke waliokuwa na haki ya kusema kwamba bendera ile ni kazi ya mikono yao.

Baada ya uhuru Bibi Titi alipata vyeo: mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika aliuongoza, na mwaka huohuo wanawake wa bara zima la Afrika walikutana Dar es Salaam wakaunda umoja wao, hata tarehe 31 Julai ikabaki kuwa siku ya wanawake wa Afrika. Akawa Mbunge wa Rufiji, akawa waziri mdogo katika maendeleo ya jamii. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, watu wa Rufiji walimchagua mwingine, naye akakaa nje ya Bunge kama raia. Lakini kipindi kilichofuata kilikuwa kizito. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilikataza viongozi kupangisha nyumba. Kwake yeye, mtu wa mji ambao nyumba ya kupangisha ilikuwa ndiyo hifadhi ya mwanamke asiye na mshahara, sharti hilo halikukubalika, akatengana na uongozi wa chama alichokijenga. Mwezi wa Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na wengine, akiwamo aliyekuwa waziri Michael Kamaliza, wakashitakiwa kwa uhaini. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Bibi Titi alikana mashitaka, akatiwa hatiani, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Rais Nyerere akamtoa kwa msamaha. Makala haya hayana mamlaka ya kuirudia kesi ile. Linalojulikana ni kwamba kwa karibu miaka ishirini jina lake lilitajwa kwa nadra, na vitabu vya shule vilivyosifu uhuru uliopatikana kwa amani viliwaficha wanafunzi mmoja wa walioifanya amani hiyo.

Ulimwengu umewaona wanawake wengine walioleta mabadiliko pasipo silaha. Corazon Aquino wa Ufilipino aliwatangulia raia wa Manila mwaka 1986 hata dikteta akakimbia, naye alianza kwa ujane, baada ya mumewe kuuawa. Kina mama wa Nairobi, wakiwa na Wangari Maathai, walikaa Uhuru Park mwezi wa Februari 1992 wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa, wakapigwa na askari, wakahamia kanisani, na hawakuondoka hata wana wao wakaanza kufunguliwa. Hao walisukumwa na msiba, na haki yao ya kusema ilitokana na mume au mwana. Bibi Titi hakuwa mjane wa shujaa wala mama wa mfungwa. Alisema kwa haki yake mwenyewe, na waliomsikiliza walimsikiliza kwa sababu walimchagua. Hiyo ndiyo tofauti yake, na hiyo ndiyo iliyoufanya mfano wake uwe mgumu zaidi kwa watawala, kwa maana mwenye msiba hupozwa kwa kurudishiwa mtu wake, na aliyechaguliwa huendelea kuuliza.

Aliishi hata akaona siasa ya nchi ikigeuka mara ya pili bila ya vita. Mwaka 1991 Tume iliyoongozwa na Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi ikiwauliza raia kama wanataka chama kimoja au vingi. Wengi walijibu kimoja, walakini Tume, kwa kuwa walio wachache nao wana haki, ikashauri vingi, na kuanzia tarehe 1 Julai 1992 sheria ikaruhusu. Miaka hiyohiyo, taifa lilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, jina la Bibi Titi likaanza kutajwa tena kwa heshima. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Leo uwanja wa Mnazi Mmoja, uliowahi kuwa mpaka wa kuwatenga Waafrika, umekaa baina ya Mtaa wa Lumumba, ulio ndio ule uliokuwa New Street ya TANU, na Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Hukumu ya haki juu ya mambo haya ni hii. Amani ya Tanganyika haikuteremka kutoka Ikulu ikawafikia watu. Ilipanda kutoka kwa watu ikaifikia Ikulu, na waliokuwa nayo kwanza ni wanawake waliozoea kuchagua mkubwa, kumhoji, kumwacha akiharibu, na kushindana bila ya kuumizana. Serikali iliyorithi amani hiyo ilipowanyamazisha baadhi yao haikuilinda, bali iliitumia akiba iliyowekwa na wengine. Vyama vya namna ile havijafa: viunga vya Temeke, Mbagala, Kinondoni na Manzese vimejaa upatu, vikoba na vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo kila juma wanawake huhesabu fedha zao hadharani na kumtaka mweka hazina aeleze. Mwenye madaraka anayetaka nchi itulie na aende huko akajifunze namna kiongozi anavyokaa kwa ridhaa. Na mwalimu anayefundisha tarikhi ya uhuru na awaeleze watoto kazi ya Bibi Titi Mohamed yote, ile ya jukwaani, ile ya uani, na ile ya kizimbani, asiwapunguzie hata moja.